Rangi ya Joto Kali Kwenye Injini na Ekzosi: Dalili za Kuharibika, Visababishi na Namna ya Kurekebisha

Malalamiko kuhusu rangi ya injini na ekzosi si mengi kwa aina, ila yanajirudia mno. Mwenye bodaboda wa Tandale, dereva wa daladala wa Mbagala na mwenye gari dogo wa Mbezi Beach hueleza mambo yale yale: rangi imebanduka, imetoa malengelenge, haikauki, au kutu imerudi kabla mwezi haujaisha. Lawama ya kwanza huangukia kopo. Ni kweli kwamba makopo hafifu yapo sokoni, lakini katika kazi nyingi nilizozikagua kosa lilikuwa mojawapo ya haya matatu: rangi haikulingana na joto la sehemu iliyopakwa, chuma hakikusafishwa ipasavyo, au rangi haikukomazwa kwa moto, yaani haikupashwa hadi ikagande vizuri. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili, na ndani ya kila dalili kisababishi kinachotokea mara nyingi zaidi ndicho kinachotangulia.

Jambo la kukagua kabla ya dalili yoyote

Jiulize sehemu uliyoipaka hufikia joto gani. Bloku ya injini inayopozwa kwa maji hukaa karibu na nyuzijoto 90 za Selsiasi, ikizidi kidogo pale mzigo unapokuwa mkubwa, na sampu ya oili, lile bakuli la chini ya injini, na kifuniko cha tapeti kilicho juu yake haviko mbali na hapo. Manifoldi ya ekzosi ya injini ya petroli, yaani mabomba yanayokusanya moshi kutoka kwenye silinda, ni habari nyingine kabisa, kwa kuwa uso wake unaweza kuvuka nyuzi 400, na kwa mzigo mzito ukakaribia au kupita 600. Kadiri bomba linavyokwenda nyuma ndivyo linavyopoa, hata mafla, lile pipa la kupunguza sauti lililo mwishoni, likabaki na joto la kiasi tu.

Kwa sababu hiyo kuna rangi za namna mbili, na hazibadilishani kazi. Enameli ya injini, ambayo kwa kawaida huandikwa kuwa inahimili kati ya nyuzi 150 na 260, hukauka kwa hewa na ikishakomaa huvumilia oili na petroli. Rangi ya ekzosi yenye resini (gundi inayoshikilia rangi) ya silikoni, inayoandikwa nyuzi 600 au 650 na wakati mwingine zaidi, hukomaa tu baada ya kupata moto wa kutosha. Wateja wengi huchukua kopo lenye namba kubwa kuliko yote wakidhani ndilo bora, na hapo ndipo kazi inapoharibika kabla haijaanza: rangi ya nyuzi 650 ikipakwa kwenye sampu isiyofika hata nyuzi 120 itabaki laini maisha yake yote, na tone la petroli litaifuta. Soma pia kama namba iliyoandikwa ni ya joto la mfululizo au la muda mfupi, maana mara nyingi ni ya muda mfupi. Rangi ya silva ya kupakia mageti haimo katika kundi lolote kati ya haya, hata kama inang'aa vizuri siku ya kwanza.

Rangi haikauki, inanata, au inakwaruzika kwa ukucha

Hii ndiyo dalili inayowatia watu wasiwasi bure kuliko zote, kwa sababu mara nyingi rangi haijaharibika. Haijapata moto tu. Rangi ya silikoni ikiachwa kwenye hewa hupoteza kiyeyushi chake, kile kimiminika kinachoilainisha, na kuonekana kavu, lakini resini yenyewe haijafungamana, na kwa hiyo huchunika kwa kuguswa. Angalia maelekezo ya kopo. Kama yanataja kupasha moto na wewe hukupasha, umepata jibu.

Sehemu iliyofunguliwa kutoka kwenye chombo inaweza kukomazwa katika oveni ambayo haipikiwi chakula. Mpangilio unaotumika sana ni nyuzi 120 kwa nusu saa, kisha ipoe nusu saa. Nyuzi 200 kwa nusu saa, ipoe tena. Na mwisho nyuzi 315 kwa nusu saa. Maelekezo ya mtengenezaji yakitofautiana na haya, yafuate yake. Wapo wanaotumia jiko la mkaa, nami siliungi mkono, kwa kuwa moto wake hauko sawa, mwali hugusa rangi moja kwa moja, na masizi huingia kwenye uso ambao bado ni laini.

Kama sehemu haikufunguliwa, washa injini ingurume bila kukanyagwa mafuta kwa dakika 10, izime ipoe kabisa, iwashe kwa dakika 20, ipoe tena, kisha endesha taratibu kwa nusu saa. Kwa bodaboda, ambayo injini yake hupozwa kwa upepo, usiiache ikinguruma imesimama kwa muda mrefu hivyo. Anza na dakika 5, ipoe, rudia, halafu maliza kwa mwendo wa polepole barabarani. Kazi hii ifanyike nje. Moshi wa injini una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, ambayo huua mtu ndani ya gereji iliyofungwa kabla hajatambua kuwa amezidiwa.

Ikiwa rangi imepata moto na bado inanata, kuna uwezekano kwamba tabaka ni nene mno, au sehemu hiyo haifikii joto la kukomaza. Katika hali hii ya pili hakuna dawa isipokuwa kuiondoa rangi yote na kupaka enameli ya injini.

Rangi inabanduka kama magamba

Kabla ya kusugua chochote, chukua gamba moja uligeuze utazame mgongo wake, maana mgongo huo unaeleza zaidi kuliko uso. Mgongo ukiwa safi na chuma chini kikiwa kinang'aa, rangi haikushika kabisa, na chanzo ni mafuta au ulaini wa uso. Mgongo ukiwa na unga wa kahawia, ulipaka juu ya kutu. Ukiona rangi nyingine imeng'ang'ania mgongoni, basi kilichoachia ni praima (rangi ya msingi) au rangi ya zamani iliyokuwa chini.

Mafuta ndiyo kisababishi cha kwanza, na mara nyingi yameletwa na yule yule aliyedhani anasafisha. Desturi ya kuosha injini kwa dizeli, mafuta ya taa au petroli imeenea, na kwa kuondoa grisi nzito inasaidia. Lakini vimiminika hivyo huacha utando mwembamba ambao jicho halioni na rangi inauona. Osha kwanza kwa sabuni kali na maji ya moto, suuza, kausha, kisha futa kwa asetoni au tina safi kwa kutumia vitambaa viwili vyeupe: cha kwanza kimelowa, cha pili kikavu kinachofuata nyuma yake kabla kiyeyushi hakijaruka. Ukitumia kitambaa kimoja unayahamisha mafuta kutoka hapa kwenda pale. Endelea hadi kitambaa kikavu kibaki cheupe.

Kipo kipimo kisichogharimu kitu. Nyunyiza maji safi kidogo juu ya chuma. Yakitandaa kama shuka, uso ni safi. Yakijikusanya matone matone, mafuta yangalipo. Baada ya kupima, kausha papo hapo, kwa sababu chuma kitupu katika hewa ya Dar es Salaam huanza kuota kutu ndani ya saa chache.

Chuma cha kutupwa, ambacho manifoldi nyingi za zamani zimetengenezwa kwacho, kinahitaji subira zaidi. Kina vinyweleo vilivyonyonya oili kwa miaka, na hata ukikisafisha hadi kitambaa kikabaki cheupe, siku ya kwanza ya joto oili itatoka jasho na kuisukuma rangi. Kipashe moto kabla ya kupaka, futa jasho hilo kikishapoa, urudie mara mbili au tatu. Nimeona kazi za gharama kubwa zikianguka kwa kuruka hatua hii moja.

Kisababishi cha pili ni uso laini. Kromu ya ekzosi za pikipiki, alumini iliyong'arishwa na ile chuma isiyoshika kutu ambayo mafundi huiita stenlesi hazina mahali pa rangi kushika. Tumia msasa namba 80 hadi 120 kwenye chuma cha bomba, na namba 180 au 220 kwenye alumini, hadi mng'ao wote uishe. Kromu iliyoanza kuinuka haipakiki juu yake, lazima iondolewe.

Cha tatu ni praima ya kawaida, dawa ya kubadili kutu, au puti ya bodi iliyotumiwa kufukia mashimo. Vyote hivyo huungua chini ya joto la ekzosi na kuiacha rangi ikielea. Rangi nyingi za silikoni hupakwa moja kwa moja juu ya chuma kitupu, na zile zinazotaka praima hutaka praima yake maalumu ya joto. Cha mwisho, ambacho ni nadra ila hutokea, ni kipande cha ekzosi kilichobadilishwa kwa bomba la maji lenye zinki. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419, kwa hiyo karibu na injini hakuna rangi itakayokaa juu yake.

Hapa pana maonyo matatu ambayo sitaki yapite haraka. Usitumie kisafishia breki chenye klorini kwenye chuma kitakachopashwa moto au kuchomelewa, kwa kuwa mabaki yake yakiungua yanaweza kutoa fosijini, gesi ya sumu kali. Usikwangue wala kupiga msasa gasketi (vipande vya kuziba maungio) au vitambaa vya joto vya magari ya zamani, kwani vingine vina asbesto, madini ya nyuzinyuzi yanayodhuru mapafu; waachie wenye vifaa vya kujikinga. Na kama unataka chuma kisafishwe kwa kupulizia mchanga, peleka kwa mtaalamu mwenye chumba cha kazi hiyo: vumbi la mchanga mkavu huharibu mapafu daima, na punje chache zikibaki kwenye njia za oili za silinda hedi zitaua injini nzima.

Malengelenge

Tabaka nene ndilo chanzo cha kawaida. Mtu hupaka mara moja kwa wingi ili amalize, uso unafunga, kiyeyushi kinanaswa chini, na moto ukija kinachemka na kuinua rangi. Rangi hizi hutakiwa kuwa nyembamba kuliko watu wanavyodhani. Tabaka mbili au tatu za kupuliza kwa wepesi, kwa umbali wa sentimita 20 hadi 30, zinatosha, na hakuna faida yoyote katika unene zaidi.

Kupasha moto haraka hufuata. Rangi iliyopakwa asubuhi na pikipiki ikaingia kazini mchana na abiria wawili haikupewa nafasi. Unyevu nao una sehemu yake, hasa wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, pale chuma kinapokuwa baridi kuliko hewa na umande kushika bila kuonekana. Toboa lengelenge moja kwa ncha ya kisu. Ukikuta chuma safi chini, ni unene au haraka. Ukikuta unyevu au doa la kutu, ni maji. Ukikuta weusi wa mafuta, rudi kwenye sehemu iliyotangulia. Malengelenge yakijipanga kando ya gasketi tu, moshi unavuja hapo, na utapoteza rangi bure mpaka gasketi ibadilishwe.

Kutu inachomoza juu ya rangi

Katika mji wetu huu ndio ugonjwa mkuu, na unastahili maelezo marefu. Gari linalolala Msasani, Kunduchi au Kigamboni hupata hewa yenye chumvi kila usiku; chumvi hutulia juu ya chuma, huvuta unyevu, na hujipenyeza chini ya rangi kupitia kila tundu. Gari lililopita kwenye maji ya mafuriko pale Jangwani huongezewa tope linalokaa juu ya bomba na kulinyima ukavu kwa siku kadhaa.

Anza kwa kutofautisha kutu ya nje na ya ndani. Injini inapochoma mafuta hutoa maji pamoja na moshi, na katika safari fupi, zile za kutoka Sinza kwenda Mwenge na kurudi, bomba halipati joto la kuyakausha maji hayo, ambayo huchanganyika na asidi ya moshi na kula chuma kutoka ndani. Ekzosi ikiwa imepoa, igonge kwa mpini wa bisibisi kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa hutoa sauti ya bati bovu au hubonyea. Kikibonyea, acha mpango wa rangi. Sehemu hiyo inahitaji fundi wa kuchomelea au kubadilishwa, na hakuna rangi duniani itakayorudisha chuma kilichokwisha kuliwa. Usiliahirishe hilo, kwa sababu tundu chini ya sakafu huingiza kaboni monoksidi ndani ya gari.

Kama chuma ni kizima, chanzo cha kwanza ni kupaka juu ya kutu iliyosuguliwa nusu. Brashi ya waya huing'arisha kutu bila kuiondoa. Kwenye vishimo inahitajika msasa au grenda hadi chuma kionekane cheupe. Chanzo cha pili ni chumvi iliyobaki. Chumvi haitoki kwa asetoni wala tina. Hutoka kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na maji ya visima vingi vya ukanda wa pwani yana chumvi yenyewe, kwa hiyo suuza ya mwisho iwe ya maji ya mvua au ya dukani. Chanzo cha tatu ni muda uliopita kati ya kusafisha na kupaka. Aliyesafisha leo jioni na kupaka kesho asubuhi amepaka juu ya kutu changa.

Saa ya kupaka ina maana kubwa hapa. Alfajiri umande upo, na mchana chuma kilichokaa juani hupata moto hata rangi ikauke kabla ya kukigusa. Muda mzuri ni kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, chini ya kivuli, baada ya kukipasha chuma kidogo kwa hewa ya moto ili unyevu uondoke, kisha kukiacha kipoe hadi mkono uvumilie bila shida.

Nafuu ya kweli kwa mabomba ya pwani ni praima ya zinki silikati, ambayo huvumilia joto linalokaribia nyuzi 400, ikifuatiwa na silikoni yenye alumini. Inafaa kwa bomba la kati na mafla, si kwa manifoldi, na hudai chuma kilichopulizwa mchanga, kwa hiyo ni kazi ya kupeleka kwa mtaalamu. Asiyeweza gharama hiyo asafishe vizuri, apake tabaka mbili nyembamba, na aoshe chumvi chini ya gari kila wiki, ekzosi ikiwa imepoa. Maji baridi juu ya manifoldi ya moto yanaweza kupasua chuma cha kutupwa.

Uso una mikunjo, vishimo au chenga

Mikunjo hutokana na kurudia kupaka nje ya muda uliotajwa kwenye kopo. Rangi nyingi huruhusu kurudia ndani ya saa moja, au baada ya siku moja au mbili, lakini si katikati. Vishimo vya duara ni alama ya silikoni ya kung'arishia dashibodi au mafuta ya mnyororo. Chenga kama vumbi humaanisha ulisimama mbali mno au chuma kilikuwa cha moto. Subiri ikauke, piga msasa namba 220, futa, upake upya. Kopo lisilotikiswa dakika mbili nzima hutoa rangi isiyo na nguvu, na kopo lililoachwa kwenye dashibodi juani linaweza kupasuka. Liweke mahali pasipofika nyuzi 50.

Rangi inapauka au kuungua mahali pamoja

Nyekundu na buluu hupauka mapema kwenye joto la ekzosi. Nyeusi, kijivu na silva ndizo zinazodumu, na anayetaka rangi ya mapambo aiweke kwenye kifuniko cha tapeti. Lakini kama rangi sahihi imekuwa nyeupe kwenye tundu moja tu la manifoldi huku mengine yakiwa mazima, silinda hiyo inachoma vibaya. Mchanganyiko wenye petroli kidogo, moto wa plagi unaochelewa, au katalisti (kifaa cha kusafisha moshi) iliyoziba huongeza joto kupita kiasi. Ukipima kwa kipimajoto cha kulenga, lenga doa jeusi, kwa sababu uso unaong'aa husomeka chini ya joto lake halisi.

Usipake sensa ya oksijeni, mahali pa waya wa ethi, wala meno ya kukazia plagi. Mapezi ya kupozea ya bodaboda yapakwe kwa wepesi sana, kwani rangi nene huzuia joto kutoka. Na manifoldi ikionekana nyekundu gizani, zima injini. Chuma huanza kuwaka hivyo kwenye nyuzi 500 na zaidi, na hapo tatizo limeshapita rangi. Muite fundi wa injini kabla ya kuiwasha tena.

Moshi na harufu baada ya kupaka

Moshi mwembamba na harufu kali katika kupasha mara ya kwanza na ya pili ni jambo la kawaida, nao hupungua kila mara. Kaa upande upepo unakotoka. Moshi ukiendelea baada ya mara ya tatu, tafuta oili inayodondoka kutoka kwenye gasketi ya kifuniko cha tapeti, kisha tambara au karatasi ya kufunikia iliyosahaulika nyuma ya manifoldi, kisha waya uliogusa bomba. Moshi ukiwa wa buluu na mzito, au harufu ikiwa ya petroli, zima injini, toa waya hasi wa betri ikiwa unaufikia bila kuinama juu ya moshi, na usimwage maji. Kizima moto cha unga kiwe karibu tangu mwanzo wa kazi, na ukiona mwali usioweza kuuzima kwa mpulizo wa kwanza, ondoka hapo na uite Zimamoto kwa namba 114.